Maswali na majibu: Kutengeneza saa ya mkono kuanzia chuma kitupu

Hivi kweli mtu mmoja anaweza kutengeneza saa nzima bila kununua vipuri?

Karibu nzima, ndiyo. George Daniels, fundi Mwingereza aliyefariki 2011, alifanya hivyo katika karakana yake kisiwani Isle of Man: magurudumu, kasha, uso na mishale, vyote kwa mikono yake. Roger Smith, fundi mwingine wa saa, akiwa bado kijana, alimpelekea saa ya mfukoni aliyoitengeneza mwenyewe. Daniels akaikataa: ilionekana wazi kuwa imetengenezwa kwa mkono. Smith akarudi kazini, saa ya pili ikamchukua kama miaka mitano, na hiyo ikakubaliwa. Wengi hudhani mikwaruzo ya tupa ndiyo uzuri wa kazi ya mkono. Ndani ya saa, mkwaruzo kwenye jino la gurudumu ni msuguano, na msuguano unakula nguvu ya springi.

Na springi zenyewe?

Nunua. Ile nyembamba ya gurudumu la mizani, yaani gurudumu linaloyumba huku na huku kupima muda, inataka aloi (mchanganyiko wa metali) isiyoyumbishwa na joto. Charles-Édouard Guillaume, mwanafizikia Mswisi, alipata Tuzo ya Nobel ya Fizikia 1920 kwa utafiti wake wa aloi za chuma na nikeli za aina hiyo. Hata mafundi wakubwa hununua springi, na hakuna aibu hapo.

Nikichonga kipuri cha chuma, nikakichoma moto na kukitosa kwenye mafuta, kinavunjika nikikigusa tu. Nakosea wapi?

Umeishia katikati ya kazi. Chuma chenye kaboni ya kutosha kikipashwa hadi kiwe chekundu, kama nyuzi 800, kisha kikatoswa kwenye mafuta, kinakuwa kigumu lakini kinavunjika kama kioo. Kinahitaji moto wa pili, mdogo. Kisugue kwanza kwa msasa laini mpaka king'ae, maana bila hivyo hutaiona rangi. Kilaze juu ya vumbi la shaba kwenye kibati, weka moto chini, usiondoe macho. Kitaanza manjano hafifu, kije kahawia, kisha zambarau, halafu ghafla buluu, karibu na nyuzi 300. Kitoe hapo hapo. Ukichelewa kidogo buluu inafifia kuwa kijivu na chuma kinazidi kulainika. Buluu ile unayoiona kwenye skrubu za saa nzuri ni utando mwembamba wa oksidi uliozaliwa na moto huo, hakuna aliyeipaka.

Niko Arusha. Yakuti nyekundu ya Longido inafaa kwa vijiwe vya saa?

Vijiwe ni vile vitundu vya jiwe gumu ambamo ncha za mihimili huzunguka. Yakuti hiyo inafaa ukipata kipande safi kisicho na nyufa, ingawa nyingi ya kule haipitishi mwanga. Mafundi wa London walianza kutoboa yakuti za asili kwa ajili ya saa miaka ya 1700 mwanzoni. Kazi ni kutoboa: yakuti inashindwa na almasi tu, hivyo utahitaji vumbi la almasi, mafuta na subira. Tangu mbinu ya Mfaransa Verneuil ya 1902, ya kutengeneza yakuti bandia, vijiwe vya saa hutengenezwa kiwandani, na ni bei rahisi. Lakini ningefurahi sana kuona saa yenye jiwe la Longido.

Nianzie wapi?

Kwenye mashine ya kukereza, na mhimili wa gurudumu la mizani. Ncha zake zina unene wa karibu milimita 0.1, na gurudumu hilo huyumba mara 18,000 kila baada ya dakika 60 katika saa nyingi za zamani. Kereza mhimili huo, vunja, kereza tena. Usinunue brasi ya fremu kabla hujapata mhimili mmoja uliotoka sawasawa.