Kununua fleti Kimara: tazama hati kabla ya barabara

Ndugu, umeuliza kama ni busara kununua fleti ya vyumba viwili Kimara, Dar es Salaam, katika jengo ambalo bado linajengwa, kwa kuwa mabasi ya mwendokasi yanakufikisha Kivukoni, katikati ya jiji, bila kubadilisha basi. Usafiri huo, ulioanza mwaka 2016, ni hoja nzito, ingawa nakushauri usimame Kimara Mwisho saa kumi na mbili na nusu asubuhi siku ya kazi, uone foleni yenyewe, kabla hujaamini maneno ya dalali.

Jambo la kwanza ni hati. Sheria ya mwaka 2008 ya hati za sehemu za majengo (Unit Titles Act) inaruhusu kila mnunuzi kupata hati ya sehemu yake ya jengo. Kwa hiyo muulize mwenye mradi kama hati ya kiwanja inasomeka kwa jina lake, kama imewekwa rehani benki, na ni lini atazigawa hizo hati za sehemu, kisha wakili wako, si wake, afanye upekuzi kwa Msajili wa Hati. Pima pia umbali wa jengo kutoka Barabara ya Morogoro, kwani waliobomolewa nyumba mwaka 2017 kupisha upanuzi wanajua maana ya hifadhi ya barabara, yaani ardhi ya kandokando iliyotengwa kwa ajili ya barabara.

Kimara ni vilima, na presha ya maji hupungua juu. Nenda ukafungue bomba, uulize ukubwa wa simtanki na nani analipia pampu. Malipo yafuate hatua za ujenzi, yaandikwe kwenye mkataba.