Nikifuta jina na sahihi, waraka uliovuja naweza kuuchapisha?

SWALI: Mimi ni mwandishi wa habari mkoani. Mtumishi mmoja kanipa nakala ya waraka wa siri wa wizara kwa sharti nisimtaje. Mhariri anataka tuutume kwanza wizarani wauthibitishe, kisha picha yake itoke ukurasa wa mbele. Nikifuta jina na sahihi, inatosha?

JIBU: Haitoshi, ndugu yangu. Usiutume, na picha yake isitoke.

Mwaka 2017 The Intercept, chombo cha habari cha Marekani, kilipata ripoti ya siri ya shirika la ujasusi la NSA. Ililetwa kwa posta, na waandishi wenyewe hawakumjua aliyeituma. Wakapeleka nakala serikalini ithibitishwe. Wachunguzi wakaona alama za mikunjo: kumbe ni karatasi iliyochapwa, ikatolewa ofisini mkononi. Kumbukumbu za kompyuta zikaonyesha walioichapa ni watu 6, na kati yao mmoja tu ndiye aliyewahi kukiandikia chombo kile barua pepe kwa kompyuta ya kazini. Huyo mmoja, mwanamke aitwaye Reality Winner, alikamatwa kabla habari haijatoka. Mwaka 2018 akahukumiwa miezi 63.

Habari ilipotoka, wataalamu waliikuza picha ya ripoti wakakuta nukta ndogo za njano. Printa nyingi za rangi huziacha kimyakimya, zikibeba namba ya mashine, tarehe na saa.

Kwa hiyo yaandike upya yaliyomo, tena kwa maneno yako. Kunukuu neno kwa neno nako kuna hatari, maana ofisi inaweza kumpa kila mpokeaji nakala yenye tofauti ndogo, neno hapa, mkato pale, ili ikivuja ijulikane ni ya nani. Wizarani waulize jambo lenyewe: je, mmeagiza hivi na hivi? Usiwaambie kwamba una karatasi.

Simu nayo? Wengi huniuliza hilo kwanza, mimi huliweka la pili. Laini zetu Tanzania zimesajiliwa kwa alama za vidole, na kampuni ya simu ina rekodi ya nani kampigia nani, lini, hata kama hamkutaja lolote la maana. Msipigiane tena mpaka habari itoke. Onaneni ana kwa ana, simu zikibaki nyumbani.

Mkionana, muulize waraka ulifika kwa watu wangapi, na nakala yako aliichapia wapi. Akikujibu "tulikuwa watatu", usichapishe chochote mpaka upate habari hiyohiyo kwa mtu mwingine asiye katika hao watatu.