Maswali ya Wasomaji: Datsun 240Z, kutu kwanza, rangi baadaye

Tangu tuchapishe picha ya Datsun 240Z katika toleo lililopita, barua nyingi zilizotufikia zinahusu gari hilo moja. Toleo hili tumewaachia wenye 240Z na wanaoitamani.

Shikamooni wazee wa safu hii. Babu husema Datsun ndiyo iliyowatoa jasho Wazungu kwenye mbio za magari za Safari Rally. Mimi nikitazama picha naona gari dogo la zamani tu. Watu wanalipendea nini? (Msomaji, Nairobi)

Marahaba. Babu yako hajakosea hata kidogo. Mwaka 1970 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari kwa Datsun 1600SSS. Mwaka uliofuata wakarudi na 240Z, wakashinda tena, na nafasi ya pili ikaenda kwa 240Z nyingine, ya Shekhar Mehta na Mike Doughty. Zamu ya Mehta, mzaliwa wa Uganda, ilifika 1973 akiwa na Lofty Drews. Yeye na Harry Källström wa Datsun 1800SSS walimaliza wakiwa na alama sawa. Mehta akapewa ushindi kwa sababu alikwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Gari lililoshinda 1971 Nissan, watengenezaji wa Datsun, wanalo mpaka leo, limetunzwa Zama, Japani.

Ukitaka kujua kwa nini lilihimili barabara zetu, lifungue. Injini ya L24 ina sentimita za ujazo 2,393 na silinda sita kwenye mstari mmoja, na krenki yake, mhimili unaozungushwa na pistoni, imeshikwa na beringi kuu 7. Bloku ni ya chuma, kamshafti (mhimili unaofungua valvu) ni moja, kabureta ni mbili. Fundi wa kijijini aliyezoea pikapu za Datsun hakuhitaji kufundishwa upya.

Lilizinduliwa Japani Oktoba 1969 kwa jina la Fairlady Z. Marekani, ambako biashara ilisimamiwa na Yutaka Katayama, liliuzwa kama 240Z kwa dola 3,526, wakati Jaguar E-Type na Porsche 911 zilitaka fedha nyingi zaidi. Ukihesabu na ndugu zake 260Z na 280Z, yaliuzwa zaidi ya nusu milioni kufikia 1978. Kwa hiyo si gari lililotengenezwa kwa uchache. Kilicho haba ni lile ambalo kutu haikulila na mafundi hawakulichezea. Januari 2020 moja la mwaka 1970, lenye mwendo mdogo na vitu vyake vya kiwandani, lilinunuliwa mnadani Marekani kwa dola 310,000. Majibu yote yanayofuata yanatoka hapo.

Nimeonyeshwa 240Z hapa Mombasa, rangi nyekundu mpya inang'aa. Muuzaji anasema haina kutu. Nitajuaje? (Msomaji, Mombasa)

Rangi mpya kwenye 240Z ya pwani ni sababu ya kuongeza wasiwasi. Nenda mchana, na uchukue sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, tochi, bisibisi butu na jeki.

Anza chini ya betri. Itoe kabisa, usichungulie tu. Asidi ikimwagika hula kisahani cha betri, kisha hushuka kwenye ukuta wa bati ulio kati ya injini na dashibodi, halafu hufika kwenye boriti ya chesi iliyo chini yake. Kisahani kilichotoboka hurekebishika kwa siku moja. Boriti iliyooza ni hadithi nyingine, maana gari hili halina chesi ya kujitegemea kama lori. Bodi ndiyo chesi.

Pili, matundu ya hewa mbele ya kioo. Majani huingia humo na kuziba njia za maji, na maji yakituama huoza bati mahali pasipoonekana. Mimina lita moja ya maji taratibu, uone kama yanatoka chini au yanaingia miguuni mwa abiria.

Kisha inua gari. Boriti mbili zinazopita chini ya sakafu zigonge kwa mpini wa bisibisi kila sentimita kumi. Bati zima hulia kwa sauti kali. Lililooza au lililojazwa puti ya kuzibia mashimo hutoa sauti nzito iliyokufa. Sumaku itembeze kwenye pembe ya chini kati ya mlango na gurudumu la nyuma, kwenye vizingiti vya milango, na kwenye bati ambalo mlango wa nyuma hulifungia. Inaposhika kwa ulegevu au kudondoka, chini yake kuna puti. Inua pia zulia la nyuma utazame shimo la tairi la akiba.

Mwisho, namba. Ndani ya nyumba ya injini kuna kibao cha bati chenye namba ya chesi na ya injini. Namba ya chesi imegongwa pia kwenye ule ukuta wa bati, na ya injini imegongwa kwenye bloku, upande wa kulia kwa nyuma, chini kidogo ya silinda hedi karibu na plagi ya 6. Namba ya chesi ikianza na HS30, gari ni la usukani wa kulia. HLS30 ni la usukani wa kushoto. Namba zikipishana gari bado linaweza kuwa zuri, ila bei ishuke. Na maandishi yakionekana kukwanguliwa, rudi nyumbani na fedha zako.

Marehemu mzee wetu ametuachia 240Z. Imekaa ghalani miaka 15. Kaka yangu anataka tuweke betri tupige stata. Tufanyeje? (Msomaji, Nakuru)

Poleni kwa msiba. Kaka yako azuiwe kwanza. Miaka 15 ringi za pistoni huwa zimeshikana na kuta za silinda, na mafuta ya injini yameshuka yote, kwa hiyo kamshafti ni kavu. Stata ikilazimisha mzunguko inaweza kuvunja ringi au kukwangua kamshafti, na hasara hiyo haionekani mpaka injini ianze kutoa moshi wa buluu.

Toa plagi zote sita na umimine kijiko kikubwa cha oili nyepesi katika kila tundu. Acheni siku tatu. Fungua kifuniko cha valvu, umwagie oili kamshafti yote. Kisha weka gia huru, chukua spana ya 27 na uzungushe boliti ya puli ya krenki kwa mkono, kuelekea mwendo wa saa ukiwa umeitazama injini kwa mbele. Ikigoma, ongeza oili na subira, si bomba refu. Ikizunguka vizuri kisha ikagota ghafla mahali palepale, acha: huenda valvu imekwama, na silinda hedi itabidi ishuke.

Ikikubali mizunguko miwili kamili, badilisha oili na filta. Plagi zikiwa bado nje na waya wa koili umechomolewa, sasa piga stata kwa sekunde kumi kumi mpaka geji ya oili ipande. Hapo ndipo mnarudisha plagi.

Petroli iliyomo tangini imeshageuka kitu kama vanishi. Msiipitishe kwenye kabureta hata tone. Tanki ni la lita 60. Lishusheni, lisafishwe, na mipira yote ya mafuta ibadilishwe. Kwa kuwasha mara ya kwanza tumia galoni la lita 5 na filta mpya. Mpangilio wa moto, yaani zamu ya silinda kuwaka, ni 1-5-3-6-2-4, silinda ya 1 ikiwa mbele, na distributa huzunguka kinyume cha saa. Wengi hukosea hapo wakidhani injini ni mbovu. Pointi za distributa zifunguke milimita 0.5, plagi milimita 0.8 hadi 0.9.

Likiwaka, msilitoe barabarani. Mafuta ya breki hufyonza maji, na silinda za breki za nyuma huwa zimeota kutu ndani. Pampu kubwa, silinda za magurudumu na mipira ya breki vyote vifunguliwe. Kwenye rejeta msitie maji ya bomba matupu: silinda hedi ni ya alumini juu ya bloku ya chuma, na maji bila dawa ya rejeta huila alumini taratibu mpaka gasketi ivuje.

Yangu ilirekebishwa Dar na ilikuwa safi. Tangu nihamie Arusha inatoa moshi mweusi na kunywa mafuta. Kabureta zimekufa? (Msomaji, Arusha)

Hazijafa. Arusha iko juu takriban mita 1,400, hewa ni nyepesi, kwa hiyo mafuta yaleyale ya Dar sasa yamezidi. Lakini usiguse kabureta kabla ya valvu. Injini ikiwa moto, weka nafasi ya milimita 0.25 kwa valvu za kuingiza na 0.30 kwa za kutolea moshi, kisha hakikisha pointi na taimingi (wakati wa cheche).

Ukifika kwenye kabureta, fungua kijiti cha juu na uone oili inafika kati ya alama zake mbili. Tumia SAE 20. Ukiwa umekitoa, inua pistoni ya kabureta kwa kidole na uiachie: lazima ianguke na kugonga chini kwa mlio mkavu, "tak". Isipogonga, ni chafu au imepinda. Osha, na usichanganye vifaa vya kabureta ya mbele na ya nyuma, kwa kuwa kila pistoni imezoeana na kifuniko chake.

Nati ya mchanganyiko iliyo chini ipandishe mpaka mwisho, kisha ishushe mizunguko miwili na nusu. Huo ni mwanzo wa kiwandani. Kwa Arusha utairudisha juu kidogo. Injini ikizunguka 750 kwa dakika, inua pistoni milimita moja kwa bisibisi nyembamba. Mzunguko ukipanda kidogo na kutulia, umepatia. Ukipanda na kubaki juu, mafuta ni mengi. Ukizimika, ni machache. Ulinganifu wa kabureta mbili unausikia kwa mpira wa nusu mita: ncha moja sikioni, nyingine kwenye mdomo wa kabureta, na mivumo miwili ifanane.

Nikitoa L24 nikaweka injini ya kisasa yenye tabo (turbo), nitapoteza? (Msomaji, Kampala)

Ndiyo, utapoteza. Ukitaka nguvu, L28 ya 280Z ni ya ukoo uleule na hukaa mahali palepale bila kukata bati. L24 yako ipakwe oili, ifungwe nailoni, ihifadhiwe. Utakachokikata leo, mnunuzi wa kesho atakupunguzia bei.

Ndani mnanuka moshi nikiendesha vioo vikiwa wazi, na sailensa ni mpya. (Msomaji, Dar es Salaam)

Ni ugonjwa wa 240Z. Mgongo wake ulioteremka huvuta hewa ya nyuma, na moshi huingia kupitia mpira wa mlango wa nyuma na gasketi za taa. Gesi hiyo huua bila kukohoza mtu, kwa hiyo msiliendeshe na watoto kwa sasa. Weka karatasi ukingoni mwa mlango wa nyuma, ufunge mlango, kisha uivute: inapochomoka bila kukaza, ndipo mpira umekufa. Badilisha mpira wote pamoja na gasketi za taa, na uzibe matundu ya waya kwa vifuniko vya mpira.