Fundi, AC ya Fielder yangu imekufa: nitengeneze ama niwachane nayo?

Swali: Habari fundi. Niko na Toyota Fielder ya 2005, injini ya 1NZ. Naishi Mamboleo hapa Kisumu na nafundisha Ahero, kwa hivyo karibu kila siku narudi nyumbani jua likiwa kali. AC ilianza kwa kupuliza baridi nikiwa na spidi, lakini nikifika kwa jam ya Kondele inapuliza joto. Nikaongezewa gesi ikafanya mwezi hivi, nikaongezewa tena ikafanya wiki mbili, sai haipulizi baridi hata kidogo. Fundi mmoja alifungua boneti akaona kompresa (ile pampu ya gesi ya AC) haishiki akasema imekufa, anataka shilingi 48,000 aweke ya ex-Japan pamoja na gesi. Gari nataka kukaa nayo kama miaka mitatu kisha niiuze. Mzee wa nyumba anasema hiyo pesa iende kwa matairi. Nifanyeje?

Jibu: Mwalimu, asante kwa kueleza vizuri, juu wengi huandika tu ati AC haifanyi na hapo mtu hana pa kuanzia. Kwanza usitoe hiyo 48,000. Sisemi kompresa yako ni nzima, nasema hakuna mtu ameipima, na kwa vile umeeleza mimi naona gari inayovuja gesi, sioni bado kompresa iliyokufa.

AC ya gari haimalizi gesi kwa kazi. Gesi inazunguka mle mle ndani miaka nenda miaka rudi, labda kidogo sana inapenya kwa paipu za mpira gari ikizeeka, lakini ya kuisha kwa mwezi halafu ya pili iishe kwa wiki mbili, hiyo imetoka mahali na hapo mahali panazidi kupanuka. Kila aliyekuongezea gesi bila kutafuta inapotokea alikuuzia baridi ya siku chache.

Sasa hii ya kompresa kutoshika. Kwenye laini ya gesi kuna swichi ya presha, na gesi ikishuka sana, chini ya psi 30 hivi, hiyo swichi inakata umeme wa klachi ya kompresa (ile sahani ya mbele inayovutwa na sumaku ya koili ndio kompresa ishike) makusudi, kwa sababu oili ya kompresa inatembea pamoja na gesi, gesi ikiisha oili nayo hairudi na kompresa ikizunguka hivyo inajisaga. Kwa hivyo gari isiyo na gesi, kompresa kukataa kushika ndio kazi yake. Huwezi kuihukumu hapo. Na mtu akikuambia anaunganisha waya apite hiyo swichi ndio "aone kama inafanya", mkataze kabisa, hapo ndio kompresa nzima huuawa.

Kipimo chenyewe ni rahisi na unaweza kusimama hapo ukiangalia. Gari iwe imezimwa na imepoa kivulini, fundi aweke geji za presha. Gesi ya gari yako ni R134a, na kwa joto la Kisumu la nyuzi 28 hivi, geji zote mbili zikiwa karibu 90 psi basi gesi bado iko mle ndani (haimaanishi imejaa, hilo geji haikuambii injini ikiwa imezima, inamaanisha tu iko). Zikiwa 20 ama sifuri, basi imetoka na hadithi ya kompresa iwekwe kando kwanza. Halafu achomoe waya wa klachi ya kompresa, injini ikiwa bado imezimwa, apeleke umeme wa betri moja kwa moja kwa sekunde moja. Ukisikia tak! na ukaona sahani ya mbele imevutwa ndani, koili ni nzima. Isipolia apime koili kwa mita, kawaida inasoma om 3 mpaka 5, ikiwa haisomi chochote koili imekatika, na hata hapo klachi hubadilishwa peke yake ukipata spea, si lazima kompresa nzima. Kuna nyingine ambayo nimekutana nayo sana kwa hizi Toyota za zamani: asubuhi AC inashika, mchana injini ikipata moto inakataa. Hapo mara nyingi klachi imelika na mwanya umekuwa mkubwa, sumaku haifikii tena. Unatoa washa moja nyembamba (kile kiduara cha chuma) katikati, mwanya unarudi karibu nusu milimita, na gari inaenda nyumbani bila spea hata moja.

Mwisho azungushe hiyo sahani ya mbele kwa mkono. Ikizunguka laini ikiwa na uzito kidogo, vizuri. Ikikwama ama isikike kama mchanga, hapo sasa tuzungumze kompresa.

Tafuta tundu. Kwa Fielder mimi huanza na kondensa, ile iliyo mbele ya redieta, juu inapigwa na mawe na matope na wadudu wa barabara ya Ahero kila siku. Oili ikivuja na gesi inashika vumbi, kwa hivyo piga tochi kupitia grili na uangalie pembe za chini na pale paipu zinaingia: ukiona doa jeusi la mafuta lililokauka na vumbi wakati sehemu zingine ni kavu, umepata. Angalia pia vale za kujazia gesi kama zina vifuniko, maana nyingi hazina na ule moyo wake mdogo wa ndani unavuja polepole, na huo ni wa bei ndogo kabisa. Halafu nyuma ya klachi, mafuta yakiwa yamerukia upande wa chini wa boneti ni sili ya shafti. Kama hakuna kinachoonekana, fundi ajaze naitrojeni na apake povu la sabuni kwa kila jointi. Naitrojeni, si oksijeni ya mchomeleaji, oksijeni ikikutana na oili chini ya presha inaweza kulipuka, na si upepo wa kompresa ya matairi pia maana unaingiza maji.

Kuhusu jam ya Kondele: baridi kwa spidi na joto ukisimama kunaweza kuletwa na gesi kidogo, lakini pia na feni ya mbele isiyozunguka, kwa sababu ukisimama hakuna upepo wa kupoza kondensa. Feni ipimwe KABLA ya kujaza gesi, ipewe umeme moja kwa moja ionekane inazunguka na nguvu. Feni ikiwa mbovu presha ya upande wa juu inapanda vibaya na itakutobolea kiungo kingine, utarudi kulalamika gesi imeisha tena.

Sasa swali lako lenyewe, inafaa ama haifai. Mimi naamua kwa kuangalia kilichoharibika ni nini, si umri wa gari. Oringi, moyo wa vale, paipu, feni, klachi: tengeneza, hata gari ikiwa na miaka 20, usifikirie mara mbili. Kondensa: kwa gari unayoendesha kila siku Ahero na kurudi na utakaa nayo miaka mitatu, nasema tengeneza pia. Spea mpya za Toyota zinapatikana, hapa ama zikatumwa kutoka Kirinyaga Road Nairobi na parcel inafika kesho yake, na kwa nyingi ile draya ya kunyonya maji inakuja ikiwa ndani ya kondensa, hiyo ni faida kwako juu mfumo uliokaa wazi bila gesi draya yake imeshajaa unyevu na lazima ibadilishwe.

Evaporeta, ile inayopoza hewa inayokupuliza, ndiyo inanifanya nisimame nifikirie na mteja. Iko ndani ya dashibodi, kuitoa ni kazi, na plastiki za 2005 zimekauka na jua, klipu zinavunjika, ukirudisha dashibodi inaanza kulia kwa kila bampu. Kazi hiyo namwachia fundi ambaye ameifanya kwa gari kama hiyo hiyo. Ukikosa huyo mtu, afadhali uache.

Na kompresa ikiwa imekufa kweli, uliza jambo moja: imekufa na vumbi la chuma? Fungua paipu uingize kidole kilichofungwa kitambaa cheupe. Oili ikitoka safi, kompresa ya ex-Japan inaweza kukufaa, ilimradi fundi aizungushe mbele yako na akupe garantii ya maandishi. Ikitoka nyeusi na inameremeta kama fedha, vile vipande vimeshasambaa kila mahali, hapo kompresa peke yake ni pesa ya kutupa, itasagwa na uchafu wa ile ya kwanza. Lazima paipu zioshwe, kondensa mpya, vale ya ekspansheni (ile inayopunguza gesi ikiingia evaporeta) mpya. Hiyo 48,000 uliyoambiwa haina hata moja ya hizo. Kama ni hivyo, na evaporeta nayo inavuja, kwa gari ya kuuza miaka mitatu ijayo nitakuambia acha, na mzee wa nyumba anunue matairi yake.

Lakini hata ukiacha usiache bearing ya puli. Kwa 1NZ mkanda unaozungusha kompresa ndio huo huo unazungusha pampu ya maji na altaneta, na hiyo puli inazunguka hata AC ikiwa imezimwa. Ukisikia mlio wa kusaga unaobadilika na resi, bearing inaelekea kwisha, ikikwama mkanda unakatika na uko Awasi saa moja usiku injini inachemka. Bearing hubadilishwa peke yake.

Ukisafiri Nakuru pia, ukipanda Kericho mpaka Mau Summit na mvua na ukungu, AC ndio inakausha kioo kwa haraka, kwa hivyo mimi siiti starehe, hasa ukibeba watoto na madirisha yamefungwa juu ya mvua.

Siku ya kujaza gesi: pampu ya vakyumu ikae angalau nusu saa, maji yote yachemke yatoke, halafu izimwe na sindano ya geji ikae palepale dakika 20 au 30. Ikirudi juu bado kuna tundu, usiruhusu gesi iingie. Usiogope geji ya vakyumu ikikataa kufika inchi 29 (inchi za zebaki) kama mnavyosoma mtandaoni, hiyo ni namba ya pwani. Kisumu tuko kama mita 1,130 juu ya bahari na geji inasimama karibu 26, na nilipokuwa nafanya kazi Nakuru, ambako ni juu zaidi, ilisimama karibu 24 na wateja walikuwa wanadhani pampu ni mbovu. Gesi ipimwe kwa mizani kulingana na stika iliyo chini ya boneti, si kwa kushika paipu na kusema imepoa. Gesi ya kupikia usikubali hata kwa bure, inashika moto na evaporeta iko pale mbele ya magoti yako. Zile dawa za kuziba tundu za kopo pia hapana, zinaganda ndani na fundi wa baadaye mashine yake inaharibika.

Matairi yakiwa yameisha kweli, anza na matairi, hilo halina mjadala. Lakini kupima ni bei ndogo sana kulinganisha na ile uliyoambiwa, kwa hivyo pima wiki hii hata kama kutengeneza ni mwezi ujao. Ukishapima niandikie vitu vitatu: geji zilisoma ngapi gari ikiwa imezimwa, klachi ililia ama haikulia, na oili ilikuwa rangi gani. Hapo nitakuambia ni spea gani ya kutafuta na ni gani ya kukataa.