Bingwa wa macho mkoani pekee hatoshi

Ndugu, umesema dawa ya matatizo ya macho ni kupeleka bingwa wa macho kila hospitali ya mkoa. Sikatai, ila mgonjwa anapotelea mapema zaidi, huku zahanati. Bibi yangu alikuwa anamimina chai nje ya kikombe, zahanati wakamwambia "ni uzee tu." Miaka miwili! Kumbe ni mtoto wa jicho. Akapasuliwa, akawekewa lenzi bandia. Kesho yake bandeji ilipotolewa akanikazia macho: "We mjukuu wangu, tangu lini una mvi?"

Mimi ningeanza na tochi na chati ya herufi E ya kupimia uoni ukutani, kila zahanati, na muuguzi aliyefundishwa kuzitumia. Kliniki ya watoto wanapima uzito kila mwezi. Kuwamulika macho pia ni suala la sekunde chache. Mboni ikionekana nyeupe, rufaa siku hiyohiyo, maana inaweza kuwa saratani. Wenye kisukari wachunguzwe kila mwaka, wasisubiri kuona ukungu. Presha ya macho ndiyo inayonitisha zaidi: mara nyingi haiumi, na uoni ukishapotea haurudi.

Miwani ya kusomea kwa waliovuka miaka 40 ipatikane hapohapo. Fundi cherehani anaacha kazi kwa kushindwa kutunga uzi kwenye sindano, jamani!

Halafu nauli ya kwenda rufaa, mbona hakuna anayeitaja? Bibi tulimchangia ukoo mzima.