Mkataba ulitaka majimbo 13, ikawaje yakatosha 9?

Swali: Shikamoo wakili. Nasoma sheria mwaka wa pili na nimekwama kwenye historia ya katiba ya Marekani. Mkataba wa Shirikisho waliokuwa wakiutumia ulisema haubadilishwi mpaka majimbo yote 13 yakubali. Katiba mpya ikaja na kusema 9 yanatosha. Je, waasisi hawakuvunja sheria yao wenyewe? Majimbo yaliyokataa yaliburuzwa tu? Na leo wanaweza kurudia njia ileile?

Jibu: Marahaba. Tuanze na andiko lenyewe, kwa sababu wengi hulijibu swali hili bila kulifungua.

Mkataba wa Shirikisho ulianza kutumika tarehe 1 Machi 1781, Maryland ilipokuwa jimbo la mwisho kuuridhia. Ibara yake ya 13 ilitaka mabadiliko yoyote yakubaliwe na Kongresi, kisha yathibitishwe na bunge la kila jimbo. Kila jimbo, bila kubakiza. Ukiisoma ibara hiyo peke yake, jibu la swali lako la kwanza ni ndiyo: walitoka nje ya utaratibu. Wakili anayekataa hilo analazimisha maneno yaseme yasichosema.

Lakini tazama sharti hilo lilivyofanya kazi. Kongresi haikuwa na uwezo wa kutoza kodi, nayo ilikuwa na madeni ya vita. Mwaka 1781 iliomba ruhusa ya kutoza ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa kutoka nje. Rhode Island ikakataa, mpango ukafa. Mwaka 1783 ombi likarudishwa kwa sura nyingine, safari hii New York ikalikwamisha. Kwa hiyo wajumbe waliokutana Philadelphia Mei 1787 walijua vizuri kwamba pendekezo lolote litakalopita njia ya Ibara ya 13 litakwama kwa jimbo moja. Rhode Island hata mjumbe haikutuma.

Kuna kasoro nyingine ambayo hukuiuliza, nayo ni nzito zaidi. Azimio la Kongresi la tarehe 21 Februari 1787 liliuruhusu mkutano huo kwa lengo moja tu, kuurekebisha Mkataba uliopo. Mkutano ulipata akidi tarehe 25 Mei, na tarehe 29 wajumbe wa Virginia walikwishaweka mezani mpango wa serikali mpya kabisa yenye mihimili mitatu. Yote yakajadiliwa milango imefungwa, na kanuni ikipiga marufuku kutoa nje lolote lililosemwa ndani.

Hoja yao ya kisheria ilijengwa tarehe 23 Julai, na hapo ndipo ningependa usome polepole. Oliver Ellsworth wa Connecticut alitaka rasimu ipelekwe kwa mabunge ya majimbo, kama ilivyozoeleka. George Mason wa Virginia akampinga: mabunge hayo yameumbwa na katiba za majimbo, na kiumbe hawezi kuwa mkubwa kuliko aliyemuumba. Bunge haliwezi kutoa madaraka ambayo halikupewa. James Madison akaongeza kwamba kilichoridhiwa na mabunge ni mkataba baina ya majimbo, bali kilichoridhiwa na wananchi wenyewe ndicho katiba. Hoja ya Ellsworth ikashindwa. Kila jimbo lingechagua wajumbe wa mkutano maalumu, wenye kazi moja tu: kuikubali rasimu au kuikataa.

Hapa walihamisha chanzo cha mamlaka. Ibara ya 13 ilikuwa inazungumza na mabunge, na wao wakaamua kuyaruka na kwenda kwa mwenye mali. Kwangu hii ndiyo hoja yao yenye nguvu kuliko zote, na ndiyo ningeisimamia mbele ya jaji.

Idadi ya majimbo iliamuliwa mwisho wa Agosti. James Wilson wa Pennsylvania aliona 7 yanatosha. Daniel Carroll wa Maryland alitaka yote 13, kwa hoja hiihii yako. Wakasimama kwenye 9 kwa sababu watu walikwishaizoea: chini ya Mkataba wenyewe, mambo makubwa kama vita, mikataba na nchi za nje na kukopa fedha yalihitaji kura za majimbo 9.

Sasa soma Ibara ya 7 ya Katiba. Inasema kuridhiwa na mikutano ya majimbo tisa kutatosha kuisimamisha Katiba hii *baina ya majimbo yatakayoiridhia*. Maneno hayo ya mwisho yanajibu nusu ya swali lako la pili. Majimbo tisa hayakupewa uwezo wa kuyafunga mengine manne, yalipewa uwezo wa kujifunga yenyewe. Alama ya uamuzi huo imebaki hata kwenye utangulizi. Rasimu ya tarehe 6 Agosti ilianza kwa kuyataja majimbo yote 13 kwa majina, kuanzia New Hampshire hadi Georgia. Rasimu ya Septemba, iliyopitia mikononi mwa Gouverneur Morris, mjumbe wa Pennsylvania, ikayaondoa majina na kuandika tu “Sisi, wananchi wa Marekani”. Wengi huyasifu maneno hayo kwa uzuri wake, lakini yalikuwa pia na sababu ya kiufundi: huwezi kutaja majina ya majimbo kabla ya kujua ni yapi yatakayoridhia.

Baada ya saini 39 za tarehe 17 Septemba (Mason mwenyewe alikataa kutia yake, na kutokuwepo kwa tamko la haki kulikuwa miongoni mwa sababu zake), rasimu ilipelekwa Kongresi. Tarehe 28 Septemba Kongresi iliipeleka kwenye majimbo bila kuisifu wala kuikataa. Karibu mabunge yote yakaitisha uchaguzi wa wajumbe. Kwa hiyo vyombo vilevile vilivyotajwa na Ibara ya 13 vilishiriki kufungua njia mpya. Hilo halifuti kasoro, ila linaipunguza sana.

Usidhani mambo yalikwenda kwa adabu kila mahali. Pennsylvania, wapinzani walisusia kikao cha bunge ili akidi isitimie na uchaguzi usiitishwe. Kundi la watu likawafuata wawili kwenye nyumba walizokuwa wamepanga, likawakokota hadi ukumbini na kuwakalisha kwa nguvu mpaka kura ikapigwa. Massachusetts ilipita kwa 187 dhidi ya 168, tena baada ya kukubaliana kwamba wataridhia huku wakipendekeza marekebisho. Mapatano hayo ndiyo yaliyoiokoa rasimu, maana majimbo mengine yaliyofuata yaliiga, na matokeo yake ni marekebisho 10 ya kwanza yaliyokamilika tarehe 15 Desemba 1791. New Hampshire ikawa jimbo la tisa tarehe 21 Juni 1788. Kisheria Katiba ilikuwa imesimama, lakini bila Virginia (89 kwa 79) na New York (30 kwa 27) isingekwenda popote.

Na tunapotaja “wananchi”, tuwataje kwa ukweli. Watumwa hawakuulizwa, wala karibu wanawake wote. Katiba hiyohiyo iliizuia Kongresi kupiga marufuku uingizaji wa watumwa kabla ya 1808, na Ibara ya 5 ikalikinga sharti hilo lisiguswe hata kwa marekebisho. Ridhaa iliyotumika kuivuka Ibara ya 13 ilikuwa ya sehemu tu ya watu. Hoja ya Mason haisimami imara mpaka uikabili hiyo.

Je, waliokataa waliburuzwa? North Carolina na Rhode Island zilibaki nje. George Washington aliapishwa kuwa rais wa kwanza tarehe 30 Aprili 1789 bila majimbo hayo kuwemo kwenye muungano mpya. North Carolina iliridhia Novemba 1789. Rhode Island ilikuwa imepiga kura ya wananchi Machi 1788 na kuikataa kwa zaidi ya 2,700 dhidi ya 237, huku wengi wa wanaoiunga mkono wakisusia. Haikuvamiwa, lakini ilibanwa: Mei 1790 Seneti, moja ya mabunge mawili ya Kongresi mpya, ilipitisha muswada wa kukata biashara nayo. Siku chache baadaye, tarehe 29 Mei, iliridhia kwa kura 34 dhidi ya 32. Hapo ndipo majimbo yote 13 yalipotimia. Mimi sihesabu kura ya chini ya shinikizo la namna hiyo kuwa sawa na kulazimishwa, ila naelewa anayeihesabu.

Kuhusu leo: hapana, si kwa mlango uleule. Ibara ya 5 inataka theluthi mbili za kila bunge la Kongresi zipendekeze marekebisho, au theluthi mbili za majimbo ziombe mkutano, njia ambayo haijawahi kutumika. Kisha robo tatu ya majimbo iridhie, yaani 38 kati ya 50, na safari hii yanawafunga wote, hata waliokataa. Ulinzi mmoja wa jimbo mojamoja umebaki: haliwezi kunyang'anywa usawa wake katika Seneti bila ridhaa yake. Kongresi inachagua kama kuridhia kufanywe na mabunge au na mikutano maalumu, na mikutano ya aina aliyoitetea Mason imetumika mara moja tu kwenye marekebisho, mwaka 1933, kwa Marekebisho ya 21 yaliyofuta marufuku ya pombe.