Simu naisoma kwa mbali na magoti yanalia: je, ni ugonjwa?

Ndugu yangu wa Kondele, umesema una miaka 43, simu huisomi mpaka uisogeze mbali, magoti yanalia ukipanda ngazi, na kinyozi amekuonyesha mvi kidevuni. Pole, ila karibu kwetu.

Macho kwanza. Lenzi ya jicho hukakamaa kadiri miaka inavyosonga, na wengi hugutuka wakishafika 40. Mimi lilinikuta pale soko la Kibuye: nilinyoosha mkono nisome tarehe kwenye pakiti ya maziwa hadi muuzaji akauliza, "Mama, nikushikie kule?" Miwani ya kusomea inayouzwa barabarani itakusaidia, lakini nenda upimwe. Daktari wa macho ataangalia na presha ya jicho, maana glakoma, ugonjwa unaoharibu mshipa wa fahamu wa jicho, mara nyingi huiba uwezo wa kuona bila maumivu.

Goti likilia tu bila kuuma wala kuvimba, mara nyingi si neno. Likivimba, likijifunga au likishindwa kukubeba, hapo usingoje. Misuli huanza kupungua polepole tangu miaka ya 30, na mapaja yakilegea goti ndilo huumia. Kila asubuhi keti na kusimama kwenye kiti mara kumi bila kushika kitu. Jioni shuka matatu mapema kidogo, utembee. (Najua mvua ya Kisumu. Beba mwavuli.)

Mvi ziache, au uzipake rangi, shauri lako.

Kitu ambacho hukuuliza ni presha ya damu na sukari. Hizo kioo hakikuonyeshi. Zipimwe siku hiyohiyo utakayoenda kwa macho.